Udongo Ndani ya Buti la Kulia

Isihaka hakupima mguu wa mtu asubuhi. Wateja waliotembea kutoka Nyakitonto walinung'unika, lakini fundi alikuwa na kichwa kigumu na jibu moja tu: mguu wa asubuhi ni mwongo. Ukiupima haujavimba, buti litakubana jioni, nawe utamtukana fundi bure. Kwa hiyo pale mjini Kasulu, mwaka ule wa sabini na tano ambao watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya, kibanda chake kilichangamka saa ambayo wenzake walikuwa wakifunga.

Ndiyo saa aliyokuja mteja mmoja mgeni. Jua lilikuwa limezama, na adhana ya magharibi ilikuwa haijatoka.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro, ndugu yangu. Karibu."

Alikuwa mwembamba, mpole, amevaa koti safi. Alisema anaitwa Kipriani, anatoka Kitanga, huko mpakani mwa Burundi walikojaa wakimbizi. Akaanza kuchagua. Kila buti alilikunja, akabonyeza kisigino, akapitisha ukucha pale ngozi inapokutana na soli. Yale ya misumari aliyarudisha mahali pake. Alipolifikia lile la mishono, akalipindua, akaihesabu mishono kwa ncha ya kidole, akatabasamu.

Isihaka alipenda sifa kuliko pilau. Mtu anayejua buti alimlainisha mara moja, akaanza kueleza hata kabla ya kuulizwa. Buti la kweli, alisema, halipigwi misumari. Ngozi ya juu hushonwa na ukanda mwembamba unaozunguka mguu wote, kisha soli nayo hushonwa kwenye ukanda ule. Soli ikichakaa, fundi hufumua mshono wa chini tu, akaweka nyingine.

"Na katikati, kati ya soli na pale mguu unapokaa?" Kipriani aliuliza kwa sauti ya chini. "Hapabaki uwazi?"

"Unabaki. Najaza vumbi la mbao na gundi, jirani yangu seremala hunigawia. Ukilivaa wiki mbili tatu, vumbi linashika umbo la unyayo wako."

"Linashika unyayo..."

Mtu yule akatoa mfukoni kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani mlikuwa na udongo, kipande kimoja chembamba, kikavu, kinanuka maji ya kuoshea vyombo.

"Buti la kulia, niwekee hiki. Usikivunje, fundi. Kilaze kama kilivyo."

"Udongo wa kwenu Burundi?"

Kipriani akainamisha macho.

Isihaka moyo ukamshuka. Tangu mwaka wa sabini na mbili alikuwa amewaona wakimbizi wakiingia Kasulu miguu mitupu, watoto mgongoni, macho yamewatoka. Akajiambia kwamba huyu naye anataka kuikanyaga nchi yake hata akiwa ugenini. Angemnyimaje? Akampima kwa upole, kidole gumba akakiachia nafasi ya kupumua, na zamu ya buti la kulia ilipofika akakilaza kile kipande mle ndani, akatoboa kwa msharasi, akavuta uzi wa nta mpaka mikono ikamuuma. Kilienea vizuri mno. Fundi aliyeishi kwa kutazama nyayo hakukitazama hata mara moja.

Jioni ya nne Kipriani alikuja kuyachukua. Akavaa, akasimama, akapiga mguu wa kulia chini. Mara moja tu.

Ndani ya nyumba, nyuma ya kibanda, Zuleha akapiga kelele.

"Kuna nini, Mama Zena?" Isihaka alikimbilia ndani.

"Mguu..." Mkewe alikuwa ameushika kwa mikono miwili. "Kama kuna mtu kanikanyaga."

Fundi aliporudi nje, mteja hakuwapo.

Kuanzia siku ile, kila magharibi, mguu wa kulia wa Zuleha ulitembea. Yeye mwenyewe amekaa mkekani, anachambua mchele, na mguu unanyanyuka, unatua. Unanyanyuka, unatua. Pu... pu... pu... Akiushikilia, unamshinda nguvu. Alfajiri ulikuwa na vumbi hadi kwenye enka, na yeye alikuwa ameuosha kabla ya kulala. Dawa za hospitali hazikufua dafu, wala kombe la aya aliloandikiwa na shehe. Mwezi haukuisha, mwanamke yule aliyekuwa na mwili wake akabaki mifupa, na Isihaka akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mbili. Hakujua kuishi bila yeye, na hakutaka kujifunza.

Siku moja alikwenda kwa Harerimana, yule seremala, kuchukua vumbi la mbao. Harerimana alikuwa mtu wa Burundi, kwa hiyo akamuuliza, ilimradi tu mazungumzo yasogee:

"Hivi ninyi, ule udongo wa nyumbani mnaoweka kwenye viatu, ni wa kaburini au wa shambani?"

Harerimana akaacha randa. "Udongo gani, mzee?"

"Si mlikuja nao kutoka kwenu..."

"Mana yanje, Mungu wangu! Sisi tulikuja bila viatu vyenyewe. Mimi nimemwacha mama yangu njiani, mzee Isihaka. Nani alikuwa na nafasi ya kuokota udongo?"

Isihaka hakuaga. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jikoni kwake, pale Zuleha alipozoea kumwaga maji ya vyombo. Tope la masika lilikuwa limekauka, na nyayo za mkewe zimekauka nazo. Wa kushoto. Wa kulia. Wa kushoto...

Kisha shimo.

Limechongwa kwa kisu, taratibu, kwa umbo la mguu. Akatoa utepe wake akalipima. Saba na nusu kisiginoni, ishirini na tatu urefu. Vipimo hivyo alivijua kwa moyo. Ndiyo miguu ya Zuleha, ya kwanza aliyopata kuishonea viatu alipokuwa anajifunza kazi Ujiji.

Kesho yake alipanda lori kwenda Kitanga, kisu cha kufumulia kiko mfukoni. Nyumba nyingi zilikuwa tupu, watu wamehamishwa. Hakuna aliyemjua Kipriani. Ni mzee mmoja tu, Felisiani, aliyebaki akichimba mihogo yake, aliyemvuta pembeni.

"Mwenye buti mpya alipita. Wiki jana. Ameelekea Kibondo, na mbele ya hapo sijui." Akashusha sauti. "Alikuwa peke yake, mwanangu. Niliona kwa macho yangu. Lakini alipopita niliangalia njia... Kando ya buti zake kulikuwa na alama za mguu wa mwanamke. Bila kiatu."

"Miguu?"

"Mguu. Mmoja."

Isihaka alirudi nyumbani magharibi ikiingia. Zuleha alikuwa kitandani. Alikuwa ameufunga mguu mwenyewe kwa mkanda wa ngozi, nao ulikuwa ukipiga ubao, pu... pu..., na ngozi ya kifundo imechubuka. Akakaa kando yake, akamweleza yote bila kujitetea. Zuleha alilia kidogo, akajifuta machozi.

"Na haiwezekani kumpata?"

"Sijui aliko. Lakini soli haidumu milele, Mama Zena. Ikitoboka, udongo utamwagika njiani wenyewe. Utakuwa huru."

"Wewe ndiye uliyeshona, Baba Zena. Itatoboka lini?"

Isihaka aliikumbuka soli ile. Aliikata kwenye ngozi ya mgongo wa fahali, akaishona mara mbili, uzi akaupaka nta mara tatu, kwa kuwa mteja alikuwa mkimbizi na alimwonea huruma. Kwa mwendo wa kila siku, miaka minane. Labda tisa.

"Kabla ya masika," alisema.

Zuleha akaitikia kwa kichwa, akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.