Keki za Otilia na Mlango Uliofungwa

Maneno yale Otilia aliyasikia sokoni, akashindwa kuyatoa kichwani. Walisema Isdori, mtoto wa Stefania, muuza keki wa mtaa wa Mazwi, ameuawa na keki za karoti za mama yake.

"Ni ile baking pauda ya kopo," muuza nyanya alimwambia. "Tangu biashara iachiwe huru, kila takataka ya nje inaletwa huku. Mtoto alilala, hakuamka."

Tangu hapo hakuna aliyenunua kitu kwa Stefania. Hata salamu walimpa kwa mbali.

Otilia naye alikuwa amemwahidi binti yake Adela keki za Komunyo ya kwanza. Basi akalitupa kopo lake la baking pauda shimoni, akanunua hamira. Akajiona ameikwepa hatari.

Siku ya kuoka, upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio. Otilia alikwaruza karoti, akazichanganya na unga wa ngano, sukari, mayai, mafuta na hamira, akaacha mchanganyiko uumuke. Akaumimina kwenye vikopo vilivyopakwa mafuta, akavipanga ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga wa moto. Makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Jiko aliliweka chumbani, kama tufanyavyo wengi Ufipa wakati wa baridi. Dirisha akalifunga.

"Mama, kichwa kinaniuma," Adela alisema.

"Njaa hiyo. Kaa hapo uote moto, uniangalizie keki. Nachota maji narudi. Na mlango usiuache wazi, baridi itazibonyeza keki."

Mama alipotoka, Adela alisukumia kanga chini ya mlango.

Otilia aliporudi na ndoo, mlango ulikuwa mgumu kusukuma. Ndani hakukuwa na moshi. Adela alikuwa amelala kando ya jiko, ametapika, haitiki.

Otilia alikimbilia maziwa, maana ndivyo watu wanavyomfanyia aliyekula sumu. Jirani yake Coleta, muuguzi wa zahanati, alisikia kilio akaingia. Alimkuta akimfungua mtoto mdomo kwa kijiko.

"Acha hayo maziwa, yatampalia. Shika miguu, tumtoe nje."

Wakamlaza uani, penye upepo.

"Dada Coleta, ni keki. Zimemuua na wangu."

"Anapumua huyu. Amekula ngapi?"

Otilia akatazama chumbani. Keki zilikuwa bado motoni.

"Hajala hata moja," akasema.

"Basi keki haina kosa. Ni makaa. Yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu. Huioni, hainuki. Kichwa kinauma, unatapika, usingizi unakuzidi. Ukiachwa humo huamki."

"Lakini moshi haukuwepo."

"Hapo ndipo tunapodanganyika. Tunangoja moshi."

Lori la mahindi liliwapeleka hospitali. Adela alifumbua macho kesho yake. Komunyo ilimpita, na kwa wiki nyingi aliamka ameshika kichwa.

Adela alipopata nafuu, Otilia alioka tena, safari hii nje, nyuma ya ukuta unaokinga upepo. Alitumia baking pauda ya aina ile ile aliyoiogopa. Keki ziliumuka vizuri. Adela akala mbili, hakudhurika.

Nyingine Otilia alimpelekea Stefania. Stefania alisikiliza habari ya makaa mpaka mwisho. Keki aliishika tu, hakuila.

"Kumbe," akasema. "Isdori alilalamika baridi. Mimi mwenyewe nilimsogezea jiko kitandani."

"Hukujua, dada."

"Sikujua. Waambie wengine basi."

Nanyi wazazi mnaosoma, yaepukeni haya:

Usioke wala kupika kwa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.
Usilale na jiko la mkaa, hata kama makaa yamefifia.
Usizibe mlango na dirisha kwa nguo huku moto unawaka.
Usingoje moshi ndipo uogope.
Usimnyweshe kitu aliyezimia. Mtoe nje, mkimbize hospitali.
Usiseme mtoto wa mwenzio kauawa na chakula cha mama yake, na wewe hujui.