Ndiyo Sana, Mheshimiwa

Natangaza rasmi, mbele ya umma wote wa wasomaji, kwamba mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa bweni letu. Utaalamu wenyewe ni kujua kuwa kompyuta ya Profesa huachwa wazi wakati wa uji.

Profesa ni kiranja wetu. Ndani ya kompyuta hiyo ametengeneza kitu anachokiita wiki, si ya siku saba bali kurasa zilizounganishwa, na kila mmoja wetu ana ukurasa wake. Humo kuna swali: ana pumu? Kila Jumamosi kichujio cha kompyuta huwakusanya wote ambao jibu lao ni sawa na "ndiyo", nao hupewa kazi zisizo na vumbi. Waliobaki hupangiwa ufagio.

Jumamosi hiyo nilifungua ukurasa wa rafiki yangu Kijiko, ambaye kifua chake hupiga filimbi hata akikunja shuka. Nikafuta "ndiyo", nikaandika "ndiyo sana, mheshimiwa". Nilitaka Profesa acheke.

Hakucheka kwa sababu hakutazama. Alibandika zamu mlangoni, na Kijiko akajikuta kwenye stoo ya magodoro. Nilimsihi akatae. Akasema akikataa wenzetu wataanza tena kumwita yai, eti huvunjika upesi, akabeba ufagio.

Nilifua soksi ambayo ilikuwa safi. Nikaenda bombani, nikarudi, nikaenda tena bila ndoo. Kila nilipopita dirishani nilimsikia akikohoa, nikajiambia atamaliza sasa hivi. Kisha kikohozi kikakatika. Niliingia mbio, nikamkuta ameinama, kashika magoti, anatafuta hewa. Nilimwita matroni mpaka sauti ikanikauka. Akaja na dawa ya kuvuta.

Kijiko alipolazwa kitandani na kuanza kupumua vizuri, matroni alimwita Profesa na kumwambia kwamba ukiranja wake umekwisha. Profesa, machozi yakimlengalenga, aliapa kuwa kichujio hakijawahi kukosea. Akakijaribu mbele yetu. Je, "ndiyo" ni sawa na "ndiyo"? Kweli. Je, jibu la Kijiko ni sawa na "ndiyo"? Si kweli. Akafungua ukurasa, akasoma jibu lenyewe kwa sauti ndogo.

Matroni hakuuliza ni nani. Alinigeukia tu.

"Mtu angesoma hapo akaelewa," alisema. "Mashine haijui utani, mwanangu. Inaangalia kama hiki ni sawa na kile, basi. Ukichezea jambo linalomlinda mwenzako, umemchezea yeye."

Niliinamisha kichwa. Nikasema ni mimi niliyeandika, na Profesa arudishiwe ukiranja wake.

"Hilo nimeshalijua," alisema matroni. "Ulijua lini kwamba yuko stoo?"

Kijiko alikuwa ananitazama kutoka kitandani.

"Tangu mwanzo, Mama," nilisema. "Nilikuwa dirishani. Nilimsikia akikohoa, nikaogopa adhabu, nikanyamaza."