Jicho Lililozoea Kulala

Kila alasiri baada ya shule, Kipusa alifagia karakana ya baba yake, fundi seremala, huku mdogo wake, Kitinda, akichezea maranda mlangoni. Siku hiyo vumbi la mbao liliruka likamwingia Kipusa jicho la kulia. Alilifumba kwa uchungu, akainua kichwa.

Baba hakuwa na uso. Palikuwa na kivuli tu, na msumeno wa umeme uliokuwa ukinguruma mahali fulani karibu. Kipusa alinyoosha mkono atafute ukuta.

"Usiguse!" Baba aliuzima msumeno, akamvuta. "Huoni?"

"Ni vumbi tu, Baba."

Halikuwa vumbi tu. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu tangu zamani. Muuguzi alipowapima macho shuleni, Kipusa alichungulia katikati ya vidole. Aliogopa kuitwa chongo, kama watoto wa mtaani walivyomwita shangazi yake.

Jioni alimwona Kitinda akiinamisha kichwa upande ili atazame picha kitabuni, jicho lake moja likikimbilia puani. Akakumbuka jicho lake mwenyewe. Akalifunika lile jingine kwa kiganja, kama mchezo.

Kitinda alicheka. Kisha akapapasa hewani. "Dada? Umekwenda wapi?"

Kipusa alikuwa mbele yake.

Usiku huohuo alimweleza baba yote.

"Macho yao si mabovu," daktari wa macho aliwaambia baba na shangazi hospitalini, baada ya kuwapima watoto. "Moja linaona vizuri, lingine vibaya, basi ubongo unalisahau lile dhaifu. Hili ni jicho vivu. Hutembea katika ukoo. Tofauti ya macho ikiwa kubwa, na matibabu yakichelewa, jicho huzidi kufifia."

"Langu lilififia hivyohivyo," shangazi alisema polepole. "Waliniambia nikikua litapona lenyewe, nami nikanyamaza."

Kila mtoto alipewa miwani, na kiraka cha kuziba jicho linaloona vizuri ili lile vivu lifanye kazi. Kitinda alikibandua chake akilia, hadi Kipusa alipobandika cha kwake na kwenda nacho shuleni, wenzake wakicheka watakavyo.

Miezi ilipita. Kitinda alianza kuzitambua nyuso vizuri kwa jicho lake vivu. Jicho la Kipusa nalo lilipata nafuu, ila ukungu haukuisha wote.

"Na kama ningesema mapema, Shangazi?"

"Lingepona zaidi," shangazi alijibu bila kumficha. "Lakini ulisema, na mdogo wako amewahi matibabu. Mwanangu, kuchekwa hakujampofusha mtu. Kunyamaza ndiko kulikonipofusha mimi."