Mama Aliyetoroka Kila Asubuhi

Kila asubuhi mshonaji alitoroka nyumbani kwake mwenyewe kama mwizi.

Aliwasha redio chumbani, akafunga mlango, akaacha ndala zake hapo nje. Kisha alinyata mpaka mlango wa nyuma, viatu mkononi, akaenda karakana kushona sare za shule. Binti yake wa miaka miwili aliziona ndala. Aliisikia redio. Akaamini mama yumo ndani. Alikaa sakafuni akisubiri mlango ufunguliwe, na haukufunguliwa.

Mbinu hiyo ilikuwa ya bibi, mama yake mshonaji, aliyebaki na mtoto.

"Asipokuona ukiondoka, halii," alisema bibi. "Wewe mwenyewe nilikulea hivyo hivyo."

Halii? Jamani! Alilia mpaka majirani wakapunguza sauti za redio zao wasikie kuna nini. Mama akirudi, alimng'ang'ania mguu. Mama akienda chooni, aligonga mlango kwa ngumi zote mbili. Baba yake akambandika jina la Gundi.

Baba, fundi wa friji, naye alikuwa amechoka. Mke wake alimpigia simu mara nane kwa siku.

"Uko wapi?"

"Kichwa changu kimo ndani ya friji ya bucha. Palepale kilipokuwa ulipopiga mara ya kwanza."

"Mbona hukupokea haraka? Umenichoka?"

"Mama Gundi, mikono ina grisi!"

Jumatatu moja Gundi naye akabuni mbinu yake. Alitumbukiza viatu vya mama kwenye beseni la nguo zilizolowekwa. Mshonaji alifika kazini amechelewa, viatu vikitoa maji kila hatua. Msimamizi alimkazia macho.

"Hii ni mara ya tatu. Ya nne, cherehani yako nampa mwingine."

Jioni alirudi amefura. Jirani yao, muuguzi wa kliniki ya watoto, alimkuta uani akigomba.

"Mtoto huyu amedeka! Atanifukuzisha kazi!"

"Hajadeka," alisema muuguzi. "Anaogopa. Amejifunza kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote, hata redio ikiwa inaimba. Sasa anakulinda usipotee."

Bibi aliingilia. "Nimelea watano hivyo. Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Lakini mtoto mdogo hujifunza kwa wanaomlea kama watu wanaaminika. Akilia, abembelezwe. Akiambiwa mtu atarudi, mtu huyo arudi kweli. Hapo moyo wake unatulia, na utulivu huo humsaidia baadaye kwenye urafiki na ndoa. Akiukosa, anaweza kukua akihofia kwamba kila mtu atamwacha."

"Kumbe!" baba aliropoka kutoka mlangoni. "Ndiyo maana simu nane!"

Hakuna aliyecheka. Mshonaji alimgeukia mama yake.

"Nilikuwa nakutafuta mpaka chini ya kitanda," alisema. "Nilidhani nimekukosea."

 Bibi alichukua ufagio, akafagia mahali palipokuwa pamefagiliwa tayari.

"Basi tumeshamharibu?" mshonaji aliuliza.

"Hapana. Mtoto hahitaji mzazi asiyekosea. Na hata mtu mzima anaweza kujifunza kuamini. Kesho muage. Mkumbatie, mwambie utarudi saa ngapi kwa maneno anayoyaelewa, kisha uende. Usirudi-rudi mlangoni. Nawe mama, akilia mpakate. Usimfokee anyamaze."

Asubuhi mshonaji alipiga magoti. "Mama anakwenda kushona. Utalala mchana, utaoga, kisha mama atarudi."

Gundi alilia kwa nguvu zake zote. Bibi alimpakata huku akinung'unika, "Haya, ndiyo malezi ya kisasa haya! Lia, mjukuu wangu." Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya nne bibi alitaka kuwasha redio tena, ikabidi baba afiche betri. Lakini kila siku, baada ya kuoga, mama alirudi.

Wiki ya tatu Gundi alilia kidogo tu, akapunga mkono, akarudi kuchezea vitambaa vyake. Mshonaji hakuchelewa tena, na cherehani ikabaki yake. Simu kwa baba zilipungua polepole. Siku moja mke wake alipiga mara mbili tu, na ya pili ilikuwa ya kuagiza sabuni.

Mwezi uliofuata bibi alikwenda kumuuguza dada yake. Maisha yake yote alisafiri bila kuaga. Safari hii alimfuata binti yake jikoni, mfuko begani.

"Mwanangu, naondoka. Nitarudi Jumapili jioni."

Mshonaji, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, aliangua kilio.

"Sasa unalia nini?" bibi aliuliza. "Si nimekuaga?"

"Umeniaga, mama. Ndiyo maana."

Bibi alishusha mfuko, akamshika mpaka alipotulia.

Jumapili jioni alirudi, akilalamikia vumbi la njiani.