Maua Sita Siku ya Jina Langu

"Sita! Milda, ni sita!"

Jirani yangu Biruta alipiga ukelele mpaka kisu cha keki kikamtoka mkononi.

"Hesabu mwenyewe! Huyu binti yako kakuletea maua ya makaburini!"

Jamani, nilihesabu. Moja, mbili, tatu... sita kweli! Tulipu nyekundu, zimefungwa utepe mzuri, na aliyezishika ni Dagnija. Mwanangu wa kumzaa mwenyewe!

Kwetu Latvia mtu aliye hai anapewa maua matatu, matano, saba. Idadi inayogawanyika kwa mbili ni ya jeneza. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Na ilikuwa siku ya jina langu! Kwetu kila jina lina siku yake kwenye kalenda, na husherehekewa. Siku hiyo hualiki mtu. Watu wanakuja wenyewe, wewe kazi yako ni kuwa na keki mezani. Sebule ilikuwa imejaa, na wote wakageuka kutazama yale maua.

"Dagnija, una nini wewe?" nikamuuliza.

"Dukani kulikuwa na foleni, mama. Nimekosea kuhesabu."

Macho yake mekundu kama mtu aliyemenya vitunguu.

Hapo moyo ukanilipuka paa! Maana kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye maua yale yangeweza kumhusu...

Raitis. Kitinda mimba wangu.

Raitis alikwenda Uingereza kufanya kazi kwenye shamba la karoti. Akaugua saratani ya damu, akalazwa. Mimi Kiingereza sijui, enzi zetu shuleni tulikaririshwa Kirusi. Kwa hiyo daktari alipopiga simu ya video, Dagnija ndiye aliyekaa kando yangu na kunitafsiria. Ni kazi yake, ndiyo inayomlisha kule mjini Riga.

Mara ya mwisho daktari aliongea kirefu, polepole, akatazama chini. Dagnija akanigeukia.

"Anasema wanaendelea kumhudumia."

"Yote yale ndiyo hayo tu?"

"Waingereza ndivyo walivyo, mama. Huenda, ingekuwa, labda mngependa... Ukiyakamua kwa Kilatvia hupati hata nusu kikombe."

Nikacheka. Mjinga mimi, nikacheka!

"Niende nikamwone?"

"Hajasema ni lazima."

Nikatulia. Nikaendelea kupanda viazi vyangu.

Sasa na haya maua mkononi, nilimkokota Dagnija hadi jikoni nikafunga mlango.

"Daktari alisema nini?"

"Mama, wageni..."

"Wageni wana keki! Sema!"

"Siwezi kukwambia."

"Basi usiniambie. Nitafsirie! Si ulinifundisha wewe mwenyewe kwamba mtafsiri haongezi wala hapunguzi? Haya, fanya kazi yako!"

Akasimama wima, mikono nyuma, kama yuko mbele ya hakimu.

"'Kama Raitis angekuwa kaka yangu, ningefikiria kusafiri mapema. Huenda mngependa kuja wiki hii.'"

Nikamkodolea macho.

"Huenda? Mngependa? Kwa hiyo si lazima?"

"Mama! Mwingereza hakwambii 'njoo, mwanao anakufa'. Anakwambia huenda ungependa kuja. Nikikupa maneno yake hivyohivyo, nimekudanganya!"

"Kwa Kilatvia ni nini basi?"

Machozi yakamshuka.

"Jābrauc, mama. Lazima twende."

Nilimzaba kofi. Ndiyo, nilimzaba, na wageni wakasikia.

"Ungeniacha nimzike bila kumwona?! Wewe ni mtu au jiwe?"

Akashika shavu. Hakulia zaidi.

"Mama, bado ni 'ungemwona'. Tukikaa hapa tunagombana itakuwa 'ungalimwona'. Chukua koti."

Nilichukua koti. Na yale maua sita... nilichomoa moja, nikaliacha kwenye glasi ya maji dirishani. Nikashika matano. Mwanangu yuko hai, nitampelekea maua ya aliye hai!

Biruta akaniingizia kipande kikubwa cha keki mkobani.

"Nenda, Milda! Wageni wako nitawalisha mimi."

Kwenye ndege sikumsemesha Dagnija. Niliongea na Mungu tu. Nilimwambia, sikuombi apone, naomba nimkute. Mara nikageuza maneno, nikamwambia hapana, naomba apone pia, usinisikilize mimi mwanamke mwoga. Nilichanganyikiwa, wapendwa. Mama yeyote angechanganyikiwa.

Mlangoni pa wodi nesi alitabasamu, akasema jambo refu kwa sauti ya upole.

"Anasema ingekuwa vizuri zaidi kama maua yangebaki nje," Dagnija akatafsiri.

"Maana yake?"

"Marufuku, mama."

Basi niliyainua maua kwenye kioo cha mlango. Ndani, kitandani, kulikuwa na mtu mwembamba sana, hana nywele. Nilidhani tumekosea chumba. Yule mtu akainua kidole, akaanza kuhesabu hewani, polepole...

Alipofika tano, akatabasamu. Ni tabasamu la baba yake.

Nilinawa, wakanivalisha barakoa, nikaingia. Nilimshika mkono, ulikuwa mifupa mitupu lakini una joto. Una joto, jamani!

Raitis akamtazama dada yake kwa hasira.

"Uliniapia hutamwambia! Nilikuomba asinione hivi. Alishamuuguza baba mpaka mwisho, inatosha!"

"Sikumwambia," Dagnija akajibu.

"Sasa amefikaje hapa? Kaota?"

"Nilimpelekea maua sita, siku ya jina lake."

Raitis akamkodolea macho.

Mimi nikageuka. Foleni dukani? Kukosea kuhesabu? Kumbe mtoto huyu alisimama mbele ya wageni wote akakubali kulaumiwa, akala na kofi, ili nishtuke na kiapo chake kisivunjike!

"Halafu mama akanilazimisha nitafsiri," akaongeza. "Kutafsiri si kuambia. Ni kazi."

Raitis akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa.

"Mjanja wewe. Tangu utotoni mjanja."

Nilimvuta Dagnija nikambusu shavu lile lile nililolipiga. Halafu tukala keki ya Biruta. Raitis alionja makombo tu, akasema ina zafarani nyingi, kama kawaida ya Biruta.

Mwanangu alituacha Jumapili asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Tulimleta nyumbani. Kwenye glasi dirishani lile ua moja lilikuwa limekauka, petali mbili zimeanguka. Nilikwenda nalo makaburini pamoja na yale matano niliyorudi nayo, yamekauka pia. Nikayalaza yote juu ya mchanga wa kaburi lake. Sita. Hapo ndipo palikuwa mahali pake.

Wapendwa, ukiwa na mgonjwa wako mbali na kuna mtu anakutafsiria, usimuulize tu daktari kasema nini. Muulize: "Ungekuwa wewe ni mimi, ungefanya nini?" Kisha mtazame machoni mpaka ajibu.

Na mwanao akikuletea jambo la kukuchukiza, kabla hujainua mkono, muulize kwanza kwa nini.

Mimi ningalibaki napanda viazi huku mwanangu anakata roho peke yake. Nilimuwahi, kwa sababu binti yangu anajua kuhesabu.