Barafu ya Nkombo

Asubuhi hiyo ya Agosti 1999, kwenye kisiwa cha Nkombo, juu ya paa la dispensari mpya yalikutwa matundu ya skrubu tu. Paneli ya sola, ambayo serikali ilileta ili frigo ya chanjo ifanye kazi, ilikuwa imeibwa usiku.

Inspekta Umurerwa alivuka kutoka Cyangugu. Wakubwa wa prefektire, serikali ya mkoa, walikuwa wanakuja mchana. Wakikuta frigo imekufa, fedha za dispensari zingehamishiwa kwingine, na nesi Patricie, aliyelala humo, angeenda gerezani.

"Ulisikia nini?" Umurerwa alimwuliza.

"Batu juu ya bati, Inspekta. Niliogopa kutoka. Na hii vita ya ng'ambo, kule Kongo, nani anatoka usiku?"

Watu walishaamua: Patricie alimpa paneli shemeji yake Akilimali akaiuze Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Kumbe Akilimali alikuwa amekaa palepale ufukweni, amenuna.

"Miye nililala kachot ya douane, walinifungia kule forodhani kwa sababu ya vitenge vyangu," alisema. "Wewe mwenyewe ulinikuta pale wakinifungulia."

Ni kweli, alimkuta huko Cyangugu kabla ya kuvuka, bado anabishana na watu wa forodha. Umurerwa akamwachia.

Maman Nabintu, jirani wa dispensari, alimpa inspekta chai na muhogo mtupu, bila vile visamaki vya ziwani. "Unisamehe, sambaza haiko. Mwezi imejaa." Kisha akafungua kiganja chake. "Juma lililopita Patricie alitoa barafu ndani ya frigo, akaniwekea mukononi. Jua linachoma, na jua hilohilo linafanya maji kuwa jiwe la baridi. Nililia mbele ya batu. Binti yangu alikufia ndani ya boti ya Munyaneza akipelekwa hospitali, mutoto akiwa bado tumboni. Sasa dawa ilikuwa imetufuata hapa hapa."

Umurerwa alikulia Bukavu, barafu kwake haikuwa ajabu. Lakini alivyomtazama mama yule akiangalia kiganja chake kitupu, nywele zilimsimama.

Munyaneza naye alikulia ng'ambo, akarudi na pesa. Alikuwa na nyavu, wavuvi wa kuajiriwa, na boti ya injini iliyovusha wagonjwa hadi mjini. Yeye mwenyewe hakuvua; hakuna aliyewahi kumwona amelowa.

"Papa, usiku ulikuwa wapi?" Umurerwa alimwuliza.

"Ziwani, na wavuvi wangu. Tulivua sambaza mpaka asubuhi."

Wavuvi wake waliinamisha vichwa. Wangemwumbua vipi anayewalisha?

Umurerwa aliwaita wote uani pa dispensari. "Papa Munyaneza, hao sambaza wako wapi?"

"Tumeuza."

"Sambaza anafuata taa. Mwezi ukijaa, ziwa lote ni taa, wavuvi wanalala kwao. Kila mutoto wa Nkombo anajua. Wewe una nyavu, lakini haujui."

Mvuvi mmoja, Mushagalusa, aliinua uso. "Tulilala, Inspekta. Patron hakuja kwetu."

Umurerwa akashuka hadi kwenye boti ya wagonjwa. Aliinua godoro, lile walilolalia wajawazito wakivushwa. Chini yake, paneli ilimeremeta. Wanawake walirudi nyuma, wengine wakafanya ishara ya msalaba.

"Kwa nini, Papa?"

Munyaneza alikaa kwenye mchanga. "Dispensari ikifanya kazi, boti yangu itabeba nani? Nilitaka wakubwa waione imekufa, basi. Ningeirudisha."

"Ungeirudisha lini? Baada ya mazishi ya nani?"

Munyaneza akanyoosha mikono. Akafungwa pingu.

Mchana wakubwa walikuta Akilimali juu ya paa, anakaza skrubu ya mwisho na kulalamikia vitenge vyake. Kisha frigo ikaguruma. Hata wazee walivua kofia. Watu walikaa wakiisikiliza, hakuna aliyeondoka, mpaka jua likaanza kuinama na Patricie akatoa kipande kimoja cha barafu, akampa Maman Nabintu.

Mama alikwenda nacho moja kwa moja hadi kwa Munyaneza, aliyekuwa akingoja kuvushwa, akakiweka katikati ya mikono yake iliyofungwa.

"Shika," alisema. "Binti yangu hakufika kuishika hii."

Munyaneza alishika. Maji yalimdondokea magotini, na kwa mara ya kwanza Nkombo ilimwona amelowa.