Aliyeitikia Kwenye Reli

Siku hiyo chuma kilikuwa chepesi, na hakuna aliyefurahi. Wabebaji wa Adalbert, kapita, yaani mnyapara wao, waliinua reli wakiwa wamepungukiwa na mtu, ikapanda mabegani mwao kama shina kavu la mpapai. Wakatazamana. Ngosa, mbebaji asiyeishiwa maneno, akahesabu mabega kwa macho.

Ni miaka ile mji wetu wa Élisabethville, huku Katanga, ulipojengewa reli ndogo ya kubeba wafanyakazi, kutoka kambini mpaka kwenye matanuri ya matofali upande wa Naviundu. Watu waliisubiri kwa hamu, sitaki kusema uongo. Nani anapenda kutembea alfajiri kwenye umande, afike kazini amekwisha kuchoka?

Sasa sikia. Reli haibebwi ovyo. Ukiinua kabla ya mwenzako, mguu wa mtu unabaki chini yake. Kwa hiyo kila mara Adalbert alisimama mbele akawaita wabebaji jina kwa jina, na kila mmoja akaitikia, "Niko." La mwisho likishaitikiwa, ndipo anasema, "Beba." Alikuwa ameyaita majina yale kwa mpangilio uleule kwa muda mrefu, hata mdomo wake ukawa unakwenda wenyewe.

Jina la mwisho lilikuwa la mume wa Victorine, mwanamke mmoja wa kambini. Usiniulize ni lipi, maana silitaji, na baadaye utaelewa kwa nini.

Huyu mume wa Victorine alifia kwenye kichuguu. Mnavijua vichuguu vyetu vya Katanga, virefu kuliko nyumba, na miti imeota juu. Kimoja kilikaa katikati ya njia ya reli. Desturi ni kumwaga unga mweupe chini yake na kuomba ruhusa, kisha kungoja kuche ndipo jembe liguse. Msimamizi wa kazi, Mzungu mwenye haraka zake, alisema unga ni wa kula. Wakachimba. Ubavu wa kichuguu ukaporomoka, na walipomfukua mwenzao alikuwa na udongo mwekundu mdomoni mpaka kooni. Walimzika Jumapili, padri akaomba, mvua ikanyesha.

Watu wa reli nao wana desturi yao: mwenzenu akifa, mnamweka mtu mwingine kwenye nafasi yake kabla ya kuita. Nafasi haiachwi wazi, na jina la marehemu haliitwi juu ya chuma. Adalbert aliijua vizuri kuliko wote. Lakini Jumatatu ile alikuja hajalala, macho yamevimba kwa kulia, akaanza kuita, na mdomo ukaenda wenyewe mpaka mwisho. Jina likatoka.

"Niko," sauti ikasema, pale palipokuwa patupu.

Basi ndipo reli ikawa nyepesi.

"Ba Adalbert," Ngosa alimnong'oneza wakati wa kupumzika, "ni nani ameitika?"

"Nyamaza."

"Mi minauliza tu."

"Na mi minasema nyamaza."

Siku iliyofuata Adalbert alijaribu kuliruka jina. Reli ikagoma kutoka ardhini, kisha ikainuka upande mmoja na kuanguka, ikaukosa mguu wa Ngosa kidogo sana. Tangu hapo aliliita. Kazi ikakimbia, Mzungu akagawa sigara kwa furaha, nao wabebaji wakaanza kukonda bila kuugua. Aibu yao ni kwamba walizoea. Mzigo ukiwa mwepesi, mtu haulizi sana.

Victorine wakati huo alikuwa na mimba kubwa, anakaa peke yake katika chumba cha matofali kambini. Wanaume wakirudi jioni alisikia vishindo vyao vikipita nje, kama zamani. Na kama zamani, miguu ya mtu mmoja iliwaacha wenzake ikaja mlangoni kwake, ikasimama. Harufu ya udongo mbichi wa kichuguu, ule wa ndani kabisa ambao haujawahi kuona jua, ikaingia chini ya mlango.

"Ni we?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niko."

Angepiga kelele majirani wakaja, yangekwisha mapema. Lakini alikuwa amemkosa mtu wake kupita kiasi. Alisonga bukari, ugali wetu wa huku, akaweka na samaki, akageuza uso kwa heshima ili bwana ale. Alipogeuka tena, bukari ilikuwa imekauka kama chokaa, na vijia vya mchwa vimepanda kwenye mguu wa meza. Akapangusa, na kesho yake akapika tena.

"Unasikia njaa?" alimuuliza jioni moja.

"Niko."

"Kule unakala, kuko baridi?"

"Niko."

"Unanikumbuka?"

Hapo sauti ilikawia kidogo. "Niko."

Mwanamke yule hakuwa mjinga. Mtu wake alikuwa msemaji, mwenye utani, na tangu mimba ilipoonekana alikuwa akimchokoza kwa kumwita Mama Mukubwa. Kile cha mlangoni kilikuwa na neno moja tu. Lakini neno moja kwa sauti ileile, nani angelifukuza? Mimi nisingeweza.

Kwao, mtoto anayezaliwa baada ya baba kufa hupewa jina la baba, ili baba asipotee. Victorine akaona aanze kumzoesha mapema. Aliketi mkekani, akaweka viganja tumboni, akalisema jina polepole, na mtoto aliyekuwa akicheza akatulia ghafla, na ile harufu ambayo siku zote ilitoka mlangoni sasa ikapanda kutoka ndani ya nguo zake mwenyewe, kwenye ngozi yake, kwenye pumzi yake, na akajua kwamba kilichokuwa nje hakikuwa nje tena, kwa maana sauti ilipoitikia, "Niko," haikutoka mlangoni, ilitoka chini ya viganja vyake.

Alikwenda kwa mama Amida, mkunga, Mwislamu wa watu wa Kasongo, ambaye Wakatoliki wa kambini walimwendea kimyakimya padri akiwa hatazami. Amida alimpapasa tumbo, akanusa vidole vyake.

"Ule haiko bwana yako, mwanangu," alisema. "Ni jini ya mu kichuguu. Bantu balibomoa nyumba yake, kisha bakaipatia jina ya muntu. Sasa inatafuta mwili. Ukimupatia mutoto ile jina, utamuzaa, utamunyonyesha, lakini haitakuwa mutoto."

"Nifanye nini, mama?"

"Uache jina. We, na bale ba reli, na kila muntu. Hata ku misa musiitaje."

"Hakuniachia picha," Victorine alisema. "Hana ndugu huku. Alitoka Kilwa ya Katanga, kule ku ziwa, akiwa peke yake. Jina njo kitu nilibakia nayo."

"Minajua. Na jini nayo inajua. Njo maana imeishika."

Walikwenda na wabebaji mchana kweupe, penye kisiki kilichobaki cha kichuguu kando ya reli. Amida alimwaga ule unga ulionyimwa, akachoma ubani. Adalbert aliambiwa aite kwa mara ya mwisho, ili kitakachoitika kikanwe, na akaita.

"Niko," ikajibu, tumboni mwa Victorine. Wanaume wakarudi nyuma.

"Victorine," Amida akasema, "huyu anaitika, unamujua?"

"Simujui."

"Niko." Sauti sasa ilikuwa ya kubembeleza.

"Simujui."

"Mama Mukubwa," sauti ikasema.

Victorine akapiga magoti. Jina lile la utani halikuwahi kutoka nje ya chumba chao. Kama ni jini, alilipata wapi? Na kama si jini? Alimtazama Amida amsaidie, Amida akamshika mkono tu. Alimtazama Adalbert, Adalbert akajifunika uso kwa kofia. Chini ya kiganja chake mtoto alikuwa kimya, mzito na baridi.

"Simujui," alisema. "Sijapata kumujua hata siku moja."

Udongo wa kile kisiki ukaporomoka wenyewe, taratibu. Harufu ikaondoka. Kisha mtoto akapiga teke, kwa nguvu, hata Victorine akaguna kwa maumivu.

Reli ikamalizika na watu wakapanda vibehewa vyao wakicheka. Mtoto alizaliwa, msichana mwenye afya, akaitwa Wivine. Siku ya ubatizo Adalbert na Ngosa walisimama nyuma ya mama, kofia mkononi, na padri akauliza baba wa mtoto anaitwa nani.

"Hakuna," Victorine alijibu.

Wanawake wa mabenchi ya nyuma wakaanza kunong'ona. Padri alikunja uso, akaendelea na maji yake. Victorine akambana mtoto kifuani, na moyoni tu, bila kufungua mdomo, kwa woga, akamwita mume wake kwa jina. Akatega sikio. Akangoja mpaka mtoto alipokwisha kupanguswa kichwa.

Hakuna aliyeitikia. Ndipo Victorine, mbele ya watu wote, akalia kilio cha mjane.